Maswali ya Wasomaji: Kuvua Penye Matawi Yaliyozama Upepo Ukivuma

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi na ndugu yangu huenda Ziwa Naivasha kuvua kwa ndoana, tukitumia boti ndogo ya makasia. Tumepata mahali penye migunga iliyozama ambapo samaki ni wengi, lakini upepo ukianza hutusukuma juu ya matawi, ndoana hunasa, na tukitia nanga, nayo hunasa vilevile. Je, iko njia ya kuvua hapo upepo ukivuma, au tungoje siku ya shwari?
Mvuvi wa Jumamosi, Umoja

JIBU: Ndugu yetu, siku ambayo Naivasha hutulia tangu alfajiri hadi jioni ni adimu, kwa kuwa desturi ya ziwa hilo ni maji kutulia asubuhi na upepo kuchachamaa baada ya adhuhuri. Msingoje shwari, badilisheni mahali mnapotia nanga. Wavuvi wengi huchagua mahali wanapotaka boti ikae, kisha hutupa nanga papo hapo, ilhali upepo ukivuma boti haikai pale ilipotupwa nanga, bali hurudi nyuma kwa urefu wote wa kamba.

Yafaa kwanza kufahamu kilichomo humo chini. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, migunga iliyokuwa nchi kavu ilibaki imesimama majini, na iliyoanguka ikawa marundo ya matawi. Humo hujificha perege wadogo pamoja na kambamti wekundu wa maji baridi, ambao waliletwa ziwani mwaka 1970, na hao ndio wanaomvuta besi, samaki wa kinywa kipana mwenye asili ya Amerika Kaskazini aliyepandikizwa Naivasha mwaka 1929. Besi huvizia, hapendi kukimbiza windo mbali. Mawimbi yanapouvunja mwanga juu ya maji, hupata ujasiri wa kutoka ndani ya matawi na kusimama ukingoni, hasa upande wa joshi, yaani ule unaopigwa na upepo. Kwa hiyo upepo huo ni neema kwenu, mradi boti itulie.

Pigeni makasia kuuelekea upepo, mkipita kando ya rundo kwa umbali mnaoweza kutupa mshipi, na msisimame mpaka mmeliacha nyuma kwa mbali. Hapo shusheni nanga polepole, muachie kamba hadi boti irudi na kukaa sambamba na matawi, yakiwa ubavuni mwenu. Nanga itakuwa imeshika tope tupu, kamba haitapita juu ya matawi, na hata nanga ikiteleza, boti itapelekwa kando ya rundo badala ya kupandishwa juu yake. Kamba iwe ndefu. Penye kina cha mita 4, mita 20 ni kidogo upepo ukizidi. Mimi ningeachia 28, yaani mara saba ya kina, kwa sababu kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza ishike. Kipande cha mnyororo cha mita moja au mbili kati ya nanga na kamba husaidia sana. Ifungwe omo, mbele ya boti, na kamwe isifungwe tezi, yaani nyuma ya boti, kwa maana boti ndogo ikiyapa mawimbi mgongo hali imefungwa hujaa maji upesi. Ikiwa inayumba kushoto na kulia, shusheni nanga ya pili kutoka omo hiyo hiyo, kamba mbili zikitanuka mfano wa herufi V.

Rundo lenyewe litambueni asubuhi, maji yangali yametulia. Linganisheni kilele cha Mlima Longonot na mti au paa lililo karibu na ufuo, kisha tafuteni alama mbili nyingine upande tofauti. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo penye samaki wenu. Chupa tupu ya plastiki iliyofungwa uzi na jiwe hutosha kuwa boya, na mwondoke nayo.

Sasa kuhusu kutupa. Upepo ukikata ubavuni, mshipi hufanya tumbo na mvuvi hahisi samaki anapogusa chambo. Ongezeni uzito wa chubwi, yaani kizamisho cha mshipi, tupeni kidogo kuelekea upepo unakotoka kupita mahali mnapopakusudia, na chambo kikishatua, shusheni ncha ya fimbo hadi karibu na maji. Tumieni chambo laini ambacho ncha ya ndoana imefichwa ndani yake, ili kipite juu ya vijiti bila kushika. Tupeni ukingoni kwanza, kisha katikati. Ndoana ikinasa, msivute kwa nguvu kutoka mlipo, bali legezeni mshipi, na ikibidi sogeeni upande wa pili wa rundo. Nawasihi sana msiache vipande vya mshipi majini, kwa kuwa ndege wala samaki kama furukombe na mnandi hunaswa humo na kufa.

Vaeni jaketi za kuokolea na mvue mkiwa mmeketi. Mawimbi yakianza kuwa meupe kwa povu, ng'oeni nanga bila kujadiliana, kwani ziwa hilo ni la kina kifupi na mawimbi yake husimama wima na kufuatana karibu karibu. Viboko nao hupenda kingo hizo hizo zenye miti, basi waulizeni wenye boti kabla ya kuingia.

SWALI: Mhariri, mume wangu ataka kutumbukiza matawi na matairi mabovu ziwani ili avute samaki. Je, inafaa?
Mama wa Kasarani

JIBU: Mama, matairi ni takataka na hayafai kutiwa majini. Matawi nayo asiyatie ziwani bila idhini ya ofisa wa uvuvi na kamati ya ufuo, kwa sababu yatararua nyavu za watu wanaotegemea ziwa kwa riziki yao, na Naivasha tayari ina miti ya kutosha chini ya maji. Ikiwa ana rafiki mwenye bwawa lake binafsi, huko anaweza kujaribu kwa ruhusa yake. Achague mti mgumu, apukutishe majani yote kwanza, maana majani yakioza hula hewa ya maji na kuwadhuru samaki, kisha afunge mawe yatakayolizuia rundo lisielee.