Machi hiyo, ndege wanarudi kwao: majibu ya maswali yenu ya safari ya Malindi

Maswali ya ile safari ya kikundi ya kutazama ndege wa msimu (msitu wa Arabuko-Sokoke, hori ya Mida na mdomo wa mto Sabaki, mwisho wa Machi kuingia Aprili) yamekuwa mengi nimeona niyajibu hapa kwa pamoja. Yanayofanana nimeyaunganisha, na yale ya mtatupa chakula gani nimeyaacha, chai na mahamri yatakuwepo, basi.

Swali: Mnasema ndege wa machipuko, kwani Malindi kuna machipuko? (Mwalimu, Mambrui)

Hakuna maalim, sisi tuna kaskazi na kusi, machipuko ni ya huko wanakokwenda. Hawa ndege wanazaa Ulaya na Urusi mpaka Siberia, baridi ikiingia kule wadudu wanapotea sasa watakula nini, ndio wanashuka Afrika kuanzia Septemba Oktoba hivi, wanakaa na sisi, halafu Machi na Aprili wanarudi kuzaa manake kule jua linakaa juu masaa mengi na wadudu wa kulishia watoto ni tele. Angalia wakati wenyewe: kaskazi inalegea, kusi inajitayarisha, na wao ndio wanaondoka, kama majahazi ya zamani yaliyokuwa yakingoja upepo ugeuke yarudi Arabuni.

Wengi wa wale wadogo wanasafiri usiku. Mchana wanashuka mitini kula na kupumzika, na gizani wanajiongoza kwa nyota na kwa sumaku ya dunia. Kuna wabla mmoja (warbler, wale ndege wadogo wanaokula wadudu) wa rangi ya kijani na manjano iliyofifia, uzito wake gramu 10 hivi, ukimuweka kiganjani huhisi kitu, na huyo ndiye anafika Skandinavia na wenziwe Siberia. Kabla ya kuondoka anakula mpaka ananenepa, mafuta hayo ndiyo anayoyachoma njiani.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui, na ndicho kinachonifanya nipende Machi kuliko Oktoba. Wakija wanakuja kimya, unaskia vijisauti vya kuitana tu. Lakini wakikaribia kuondoka wengine wanaanza kuimba wakiwa bado huku, wimbo ule ule watakaoimbia kwao kutafuta wake. Kuna mwengine, wabla wa vinamasi, rangi yake kahawia tu hana hata urembo, lakini anaiga sauti za ndege wengine chungu nzima na wamo wa Afrika, kwa hivyo mzungu amekaa kando ya mto kwao anaskia sauti ya ndege wetu na hata hajui. Ndio nawaambia kila siku, msije kuhesabu, njooni muskize.

Na kuna zamu inayopishana ambayo pia naipenda. Hawa wa kaskazini wakiondoka, wa kusini nao wanaingia. Ule msitu wa magofu ya Gede ukianza Aprili au Mei utampata kurukaruka chini kwenye majani makavu ndege mmoja mwenye madoadoa meusi kifuani, huyo katoka pande za kusini na atakaa mpaka kama Oktoba. Na Sabaki wanafika wengine kutoka Madagaska, wanatua mchangani kwa makundi. Yaani hatukai bila wageni.

Swali: Mimi mzaliwa wa hapa, ndege nawaona kila siku bure, kwa nini nilipe mtu anionyeshe? (Kijana wa Barani)

Unaowaona kila siku ni kunguru, mwanangu. Na tena hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wetu, asili yao Bara Hindi, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine ndio maana miti ya mjini imenyamaza.

Unachomlipa mwongozaji ni maskio. Arabuko-Sokoke ni kama kilomita mraba 420, ndio kipande kikubwa kabisa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki nzima, na ndani si msitu mmoja, kuna sehemu ya miti ya mirihi iliyo wazi wazi, kuna ya mifunda iliyobanana kwenye udongo mwekundu, kuna ya mchanganyiko yenye mibambakofi, na kila sehemu ina ndege wake. Ukienda peke yako kwenye mirihi utatembea saa nzima huoni hata unyoya, utarudi useme msitu hauna kitu. Wale wenzetu waongozaji wamekulia vijiji vya pembeni mwa msitu, mmoja anasimama, anainamisha kichwa, anasema ngojeni, na baada ya dakika chache linapita kundi zima mchanganyiko juu ya vichwa vyenu, wakaazi na wageni wa Ulaya pamoja, na ukiwa na bahati yumo yule mnana wa Kilifi, manjano na meusi, ambaye duniani kote hayuko isipokuwa kaunti yetu. Huyo mnana watu walimtafuta miaka anakozalia wasipajue, mpaka 2013 viota vikaonekana msitu wa Dakatcha, hapo juu Magarini. Sasa hilo la bure utalipata wapi.

Swali: Ramadhani ikiangukia msimu huu na nafunga, ntaweza? (Dada wa Shela, Malindi)

Utaweza vizuri sana, pengine kuliko sisi. Ndege wanaimba sana alfajiri na saa za mwanzo za asubuhi. Wewe ushakula daku, ushaswali, saa kumi na moja na nusu tunaondoka, jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu kasoro sisi tuko mlangoni mwa msitu, saa tatu tunageuza kurudi kabla joto halijakaza. Ya jioni Mida wewe iache, kule mkoko hauna kivuli cha maana na maji ya kujaa hayaangalii saa ya kufuturu.

Swali: Mama amekataa nisije kwa sababu mtaonyesha bundi. Nimwambieje?

Mwambie shikamoo yake kwanza. Halafu mwambie bundi wa Sokoke ni kadogo, unaweza kukaficha kwenye kofia, na mchana kamelala tu kwenye kichaka kamejibana, mara nyingi wako wawili. Sehemu nyengine anakopatikana ni chini ya milima ya Usambara, Tanzania, kwengine hakuna. Simlazimishi mtu kuacha alichokipokea kwa wazee wake, asiyetaka atabaki njiani na sisi tutarudi. Ila anayekuja hapigi flashi, na hatumwamshi kwa kutingisha tawi ili picha itoke vizuri, hilo silikubali hata ukilipa mara mbili.

Swali: Kuna programu za simu za kutambua sauti, si zinatosha? Na tukimpigia ndege sauti yake kwenye simu hatokei?

Programu ni nzuri za kujifunzia nyumbani, msituni zinachanganyikiwa ndege watano wakiimba pamoja. Ile iliyo na maana zaidi kwetu ni BirdLasser, unaandika ulichokiona na kama umejiunga na mradi wa Kenya Bird Map orodha yako inaingia kwenye ramani ya ndege wa nchi nzima, hilo fanya. La pili, ndio, atatokea. Atatokea akidhani kaingiliwa na mwenzake, aache kula aje kupigana na spika. Ndege wa gramu 10 anayejaza mafuta ya kwenda Siberia usimpotezee muda. Simu kimya.

Swali: Darubini ya aina gani?

8 kwa 42. Nane ni mara inakuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ukienda 12 mkono unatetemeka na kivuli cha msituni kinakushinda. Huna, tutapeana zamu.

Swali: Na sisi Lamu mmetusahau? (Bwana wa Langoni)

Hatujawasahau, sema boti na kulala vinapandisha bei. Lakini nyinyi hamhitaji kuja. Panda darini alfajiri mwanzo wa Aprili, skiza mwarobaini wa jirani kabla punda hawajaanza, na ukiskia juu sauti ya prruu prruu inapita ni keremkerem wa Ulaya wako njiani. Wale ndege rola (roller) wa bluu wanapita pwani yetu kwa wingi siku hizo hizo, tafuta nyaya za umeme upande wa bara, kule Hindi na Mpeketoni.

Swali: Watoto, nguo, mvua?

Mtoto wa miaka minane kwenda juu aje, wa chini ya hapo atachoka atalia na ana haki. Kikundi kimoja watu wanane, wakizidi tunagawana. Kanzu nyeupe usije nayo msituni, inaonekana kutoka Kakuyuni, vaa rangi za majani au udongo, buibui halina shida. Viatu vilivyofunga kwa sababu ya siafu. Mvua ikinyesha asubuhi tunangoja ipite, ndege wanatoka kwa fujo baada yake, lakini ikinyesha usiku mzima Sabaki tunaifuta, tope linameza mguu mpaka gotini na viboko wa pale mdomoni mwa mto hawataki mazoea. Pesa ya siku hiyo inahamia Mida.