Kabla ya kompyuta ya signali, vuta leva kwanza

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, vijana wa nyumbani wananiuliza swali lilelile: nisome nini ili niajiriwe upande wa signali za SGR? Wengi wanasubiri niwatajie programu ya kompyuta. Mimi huwaambia waanze na semafori, zile nguzo zenye mkono wa ubao au bati unaoinamishwa na kuinuliwa kwa waya, ambazo huku Uingereza ninakofanya kazi tunaziondoa njia moja baada ya nyingine.

Wananiona nawazungusha. Lakini mdogo wangu, kompyuta ya signali inakuonyesha matokeo tu. Sababu zake zimefichwa ndani, na fundi asiyezijua sababu hana tofauti na mtu wa kubonyeza vitufe.

Ingia kwenye kabini ya zamani ya kuongozea signali ujionee. Mbele yako kuna safu ya leva za chuma, kila moja na rangi yake. Nyekundu ni ya signali ya kusimamisha treni, njano ni ya signali ya tahadhari (ile ambayo mkono wake umekatwa nchani kama mkia wa samaki), nyeusi inabadilisha njia, bluu inakaza komeo ili reli za kubadilishia njia zisicheze treni ikiwa juu yake, nyeupe haina kazi. Mwenye kabini hashiki leva kwa mkono mtupu. Ana kitambaa chake, kwa sababu jasho hutia kutu mpini uliong'arishwa, na mgeni akisahau kitambaa anasemwa papo hapo.

Sasa jaribu kuvuta leva nyekundu kabla hujapanga njia. Haitoki. Ning'inia nayo ukitaka, haitoki. Chini kuna vyuma vilivyochongwa vinavyozuiana: mpaka njia ikae sawa, komeo lishike, na signali ya upande wa pili ibaki kwenye hatari (yaani ikisema simama), ndipo leva yako inaachiwa. Hiyo ndiyo intaloki. John Saxby alisajili hataza yake ya kwanza ya mtambo wa namna hii mwaka 1856, na hata ETCS ngazi ya 2, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni kwa kompyuta uliofungwa kwenye SGR, unategemea intaloki yenye mantiki hiyohiyo. Kilichobadilika ni kwamba chuma kimekuwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na rilei imekuwa programu. Aliyewahi kuvuta leva ikamkatalia, jedwali la intaloki, lile linaloorodhesha nini kinazuia nini, halimtishi tena.

Ukiwa huku, reli za kumbukumbu zinazoendeshwa na watu wa kujitolea zina kabini zinazofanya kazi, na wazee wake hupenda sana mtu anayeuliza. Ukiwa Tanzania, chukua karatasi. Chora stesheni moja ya njia moja yenye mahali pa treni kupishana, weka signali za kuingilia na kutokea pande zote mbili, kisha andika leva ipi inazuia ipi. Kazi hiyo inaonekana ya mtoto mpaka ufike kwenye treni mbili zinazoingia kwa wakati mmoja.

Jambo la pili utakalolipata kwenye semafori ni swali ambalo kila fundi wa signali anapaswa kulala nalo: kikiharibika, kitaharibika upande gani? Mwezi Januari 1876, pale Abbots Ripton, Uingereza, theluji ilizielemea signali zikaganda zikionyesha njia nyeupe, maana siku hizo signali ilikaa wazi na kufungwa pale tu palipokuwa na haja. Treni ya haraka ikagonga treni ya makaa, na nyingine ikaja kugonga mabaki. Baada ya hapo desturi ikageuzwa: signali ikae kwenye hatari, ifunguliwe kwa treni inayokuja tu. Sakiti ya reli nayo ni vivyo hivyo. Umeme unapita kwenye reli mbili na kushikilia rilei, ekseli za treni zikiuchepusha rilei inaanguka, na waya ukikatika inaanguka pia. Kwa hiyo hitilafu inasomeka kama treni, na signali inabaki nyekundu. Abiria watanung'unika, lakini watafika.

Usidhani kompyuta imemaliza swali hilo. Njia ya Cambrian kule Wales ilipata ETCS mwaka 2011, ikiwa ya kwanza Uingereza. Oktoba 2017 mfumo ulijizima na kujiwasha usiku, ukapoteza maagizo ya kupunguza mwendo kwa muda. Asubuhi treni moja ikakaribia kivuko cha barabara kwa kilomita 80 kwa saa mahali palipowekewa 30, huku skrini za waendesha signali zikionyesha kwamba maagizo bado yapo. Aliyegundua kwamba mambo hayako sawa ni dereva. Mkono wa semafori ukikwama, mtu akitoa kichwa dirishani anauona. Data ikipotea, skrini inaweza kuendelea kukuambia kila kitu shwari. Basi ukikabidhiwa mfumo mpya, uliza: skrini hii inasoma kilichopo njiani, au inarudia tu nilichoiambia jana?

Kuhusu kubadilisha kwenyewe, chukua njia za Norwich kwenda Great Yarmouth na Lowestoft, mashariki mwa Uingereza. Semafori zake zilistaafishwa Februari 2020, kabini kama za Acle, Cantley na Reedham zikaachishwa kazi ya signali, na usimamizi ukahamia Colchester, karibu kilomita 100 kutoka Norwich. Mtu aliyekaa Colchester haoni ukungu wa Reedham. Hajui ni wakulima wapi wanavuka na matrekta msimu wa kuvuna viazi sukari vya kiwanda cha Cantley. Ndiyo maana nasisitiza: miezi kabla kabini haijafungwa, kaa na wenye kabini. Chukua chai, uliza signali ipi madereva huilalamikia jua likiwa chini, waya upi hulegea joto likipanda. Michoro ya ofisini haina mambo hayo. Na mara nyingi michoro yenyewe hailingani na kilichomo kwenye kabati la waya, kwa hiyo tembea nayo mkononi ukihakiki waya kwa waya.

Hapo kwenye waya ndipo pa hatari kubwa. Clapham Junction, London, Desemba 12, 1988, watu 35 walikufa kwenye ajali ya treni wakati signali za zamani zikibadilishwa kuwa mpya. Fundi alifunga waya mpya vizuri. Ule wa zamani akauchomoa upande mmoja tu, hakuukata ufupi wala kuufunga inavyotakiwa, na upande wa pili ukabaki kwenye fyuzi. Kazi nyingine ilipofanyika chumba hichohicho wiki mbili baadaye, waya ukasogea ukagusa mahali pake pa zamani, ukawa unailisha rilei umeme. Treni imesimama njiani, mfumo unasema njia tupu. Uchunguzi wa Anthony Hidden ulikuta hakuna aliyehesabu waya baada ya kazi, na kwamba fundi huyo alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13.

Kwa hiyo waya mfu unatolewa pande zote mbili, siku hiyohiyo, na mtu mwingine anahesabu. Usikubali "tutamalizia kesho". Usikubali pia Jumapili za mfululizo kwa sababu ya ovataimu, hata kama ada ya mtoto inadai. Najua ni rahisi kusema.

Na kwenye usaili, wakikuuliza kama una swali, usiulize kwanza habari ya mshahara. Uliza nani anajaribu kazi niliyoifunga mimi, na amepangiwa saa ngapi kabla treni ya kwanza haijapita. Wakikujibu kwamba fundi anajikagua mwenyewe, peleka barua yako kwingine.