Mwanangu anaiga uongo wa katuni

Dada, pole. Nimekuelewa: mwanao wa miaka 5 ameona katuni ambamo mhusika anavunja chombo, anamsingizia paka, kila mtu anacheka, na ukweli unatoka dakika ya mwisho. Sasa akimwaga uji, naye anasema ni paka.

Usikimbilie kuzima televisheni. Umri huo watoto wengi hujaribu uongo, katuni iwepo isiwepo. Shida ya vipindi vya hivyo ni kwamba utamu wote uko kwenye uongo. Kuungama ni kufupi mno, mtoto hakushiki. Mimi nilikaa na binti yangu, nikasimamisha kipindi palepale mhusika alipodanganya, nikamuuliza, "Huyo aliyesingiziwa anajisikiaje?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Anaonewa."

Uji ukimwagika, usimtege kwa "nani kamwaga?" na wewe umeona. Mwambie alete kitambaa mfute. Akikiri mwenyewe, mshukuru kwa kusema kweli, ingawa kufuta atafuta. Utafiti wa Kang Lee na wenzake wa Kanada, uliochapishwa 2014, uliwahusu watoto wa miaka 3 hadi 7: hadithi ya Pinocchio, mwongo anayeaibika, haikuwasaidia kusema kweli, lakini ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ambamo akiwa mtoto anakiri kuukata mti wa mcheri na kusifiwa kwa ukweli wake, ilisaidia.

Ila akidanganya kwa hofu, akishtuka ukimkaribia, au akianza tena kukojoa kitandani, mpeleke kwa daktari wa watoto au mshauri nasaha. Huenda kuna mtu anamtisha.