Nyemo wako si mwerevu, ni mganga

Umeuliza mawili, namna ya kumjenga mhusika mwerevu asiyefanana na wenzake, na namna ya kumpata mchapishaji. Leo nakujibu la mhusika; la mchapishaji lisubiri. Futa sura ya kwanza, yote. Humo unamtangaza Nyemo, binti wa Kibaigwa, mji wa soko la nafaka wilayani Kongwa, kuwa "mwenye akili kuliko Kongwa nzima", halafu sura ya pili anaingia sokoni na kutangaza kuwa mizani ya dalali imechezewa. Kajuaje? Hujasema. Huyo kapiga ramli.

Kosa hilo nililifanya mimi, mswada wa kurasa 180. Siku hizi zinafungia karanga sokoni Majengo, na wateja hawajalalamika. Nililipa na ada juu, kwa mwezeshaji wa warsha aliyetukaririsha "mfiche msomaji kila kitu, apigwe butwaa mwishoni". Butwaa gani! Msomaji aliyefichwa kila kitu anafunga kitabu, anakwenda kulala.

Jibu la Nyemo litoke kwenye kitu ambacho msomaji keshakiona mara mbili, kabla hakijahitajika. Chukua mizani hiyo hiyo. Ukurasa wa 3 anabeba maji, dumu la lita 20, shingo inamuuma. Ukurasa wa 7 mdogo wake anakariri hesabu za shule kwa sauti: lita moja ya maji, kilo moja. Hapo pita haraka, zusha ugomvi wa chumvi jikoni msomaji asahau. Ukurasa wa 15 gunia lililotoka nyumbani na kilo 100 linasoma 85. Nyemo hasemi neno. Anakwenda kuchota, anapandisha dumu kwenye mizani. Linasoma 18, wakati maji peke yake ni 20 na dumu tupu lina kama kilo moja. Na namba zipatane: gunia limeibiwa kilo 15 katika kila 100, na dumu karibu hivyo hivyo; ukiandika dumu limesoma 10, watu wa soko watakucheka.

Asisimulie yeye. Ukikaa kichwani mwake, utatoa siri mapema au utaificha kwa hila. Sherlock Holmes, mpelelezi wa Conan Doyle, ana hadithi fupi 56. 2 tu ndizo anazosimulia mwenyewe, na katika mojawapo anakiri kuwa anamkosa Watson, rafiki yake anayesimulia karibu zote zilizobaki. Watson wako awe kuli wa lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, anayemwona Nyemo kichaa: binti hasalimii wakubwa, anaongea na magunia. Kuli akiudhika, msomaji anapata nafasi ya kumpenda.

Dalali mfanye mjomba anayemlipia ada ya shule. Na dumu lisivuje hata tone, la sivyo mjomba atakuwa na utetezi.