Usaha unaorudi kila dozi inapoisha

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari. Gego lake la chini lilitoboka zamani, likamtesa, halafu likanyamaza lenyewe, tukaliacha. Sasa ana kitundu chini ya taya kinachotoa usaha, na mdomo wa chini upande huo umekufa ganzi. Amemaliza dozi mbili za amoksilini kutoka duka la dawa. Usaha unakauka, kisha unarudi. Tumeambiwa jino haling'olewi uvimbe ukiwapo. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Mpeleke mama hospitali ya rufaa yenye daktari wa meno, kesho ikiwezekana. Kwa dalili hizi nahofia maambukizi yameshaingia kwenye mfupa wa taya.

Jino lile liliponyamaza halikuwa limepona. Kiini chake kilikuwa kimekufa, na bakteria wakaendelea kushuka kwenye mzizi hadi mfupani. Taya la chini huathirika zaidi kuliko la juu, kwa kuwa mfupa wake ni mgumu na haupati damu nyingi. Usaha ukijaa ndani hubana mishipa midogo ya damu, na kipande cha mfupa hufa. Sasa, dawa husafiri kwa damu, na mfupa uliokufa haupitishi damu. Ndiyo maana vidonge vinatuliza nyama za pembeni tu, na chanzo kinabaki palepale.

Ganzi ya mdomo inanitia wasiwasi kuliko usaha, maana mshipa wa fahamu wa sehemu hiyo hupita ndani ya taya. Saratani nayo huweza kuleta ganzi ya namna hiyo, kwa hiyo msishangae kipande kikikatwa kupelekwa maabara. Atapigwa eksirei ya taya zima, usaha utapimwa ijulikane dawa inayoufaa, na sukari idhibitiwe, la sivyo kidonda hakitafunga. Ikithibitika ni mfupa, jino hung'olewa, mfupa uliokufa huondolewa, na dawa huendelea kwa wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6.

Hilo la kusubiri uvimbe uishe limewaumiza wengi. Ni kweli sindano ya ganzi huweza isishike vizuri penye usaha, lakini daktari ana njia nyingine za kuzuia maumivu. Kuliacha jino ndiko kunakolisha ugonjwa.

Uvimbe ukienea chini ya ulimi au shingoni, akashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, mkimbizeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.