Kusafisha sauti ya simu kwa ajili ya ushahidi

Umeuliza kama unaweza kusafisha mazungumzo uliyorekodi kwa simu, feni ikivuma nyuma, kisha uyageuze MP3 umpe wakili. Kusafisha unaweza, ila faili ya asili usiiguse kabisa.

Inakili kwenye kompyuta kwa waya. Programu za kutumiana ujumbe mara nyingi huibana faili upya na kufuta taarifa zake. Papo hapo tumia programu kutoa msimbo wa SHA-256 (kama alama ya kidole ya faili: faili ikibadilika hata kidogo, nao hubadilika) wa faili ya asili na wa nakala. Tarakimu na herufi zote 64 lazima zifanane.

Fanyia kazi nakala iliyogeuzwa WAV, aina ya faili ya sauti ambayo kwa kawaida haibanwi. MP3 achana nayo: hutupa sehemu za sauti, na kila ukihifadhi upya hutupa nyingine.

Kwa feni, punguza sauti nzito zilizo chini ya Hz 80 hivi. Halafu chagua sekunde mbili ambapo feni inavuma peke yake, programu ijifunze mvumo huo, upunguze desibeli 6 hadi 12. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukizidisha, sauti inakuwa kama inatoka ndani ya maji, na "s" na "f" zinamezwa: "sitalipa" inasikika "italipa". Maana imegeuka! Palipopasuka kwa kelele ya karibu na maiki hapatengenezeki vizuri, paache.

Andika kila hatua: saa, programu na toleo lake, viwango ulivyoweka. Usikate chochote, hata ukimya. Mpe wakili faili zote mbili, ya asili na iliyosafishwa, na simu yenyewe usiiuze wala kuifuta kesi ikiendelea.