Figo za majeruhi na dawa ya CT

Wiki hii nimekusanya maswali kuhusu kontrasti, dawa yenye iodini inayopigwa mshipani kabla ya kipimo cha CT ili mishipa ya damu ionekane vizuri kwenye picha.

Mdogo wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda, nyonga ikavunjika. Alipigwa CT yenye dawa, na siku ya tatu tukaambiwa figo zimefeli. Ni ile dawa iliyomharibu? (Dada, Morogoro)

Pole sana, dada. Inawezekana dawa imechangia, lakini mimi ningeanza kuangalia kwingine. Nyonga ikivunjika, mtu anaweza kupoteza lita kadhaa za damu ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, na presha ikishuka ndizo hunyimwa mapema ili ubongo na moyo vipate. Kwa hiyo figo za mdogo wako huenda ziliumia pale pale barabarani. Kinachowachanganya ndugu wengi ni kwamba kreatinini, kipimo cha damu cha figo, huchelewa kupanda kwa siku moja au mbili. Inapopanda, CT imeshafanyika, na lawama inaiangukia dawa.

Tafiti nyingi zimelinganisha majeruhi waliopewa kontrasti na wasiopewa, na tofauti ya figo kufeli haikuwa kubwa. Nazipokea kwa tahadhari, maana mara nyingi wanaonyimwa dawa ni wale ambao figo zao tayari zilitia shaka.

Mimi ni muuguzi wa mapokezi ya dharura. Tusubiri majibu ya kreatinini kabla ya CT?

Kama mnahofia damu inavuja ndani, msisubiri. Picha isiyo na dawa inaweza kuficha ini au bandama iliyopasuka, na mgonjwa akafa na figo zake nzima. Mwaka 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba hatari ya kontrasti ilikuwa imekuzwa mno. Tahadhari hasa ni kwa mwenye uchujaji wa figo chini ya mililita 30 kwa dakika, au ambaye figo zake zimeumia ghafla. Hata huyo hanyimwi dawa ikiwa uhai wake uko hatarini.

Baba anatumia metformini, dawa ya kisukari. Kuna shida akipigwa CT yenye kontrasti?

Metformini haiharibu figo. Ila figo zikidhoofu, hubaki mwilini na damu inaweza kujaa asidi. Kwa majeruhi ambaye figo zake zina shaka husimamishwa saa 48, kisha figo hupimwa kabla ya kuirudisha.

Nina mzio wa kamba na kaa. Nikatae dawa ya iodini?

Hapana. Mzio huo unatokana na protini za wanyama hao, si iodini. Sema, hata hivyo, kama uliwahi kudhurika na kontrasti yenyewe.

Wodini tufanye nini kulinda figo?

Kubwa ni kuzuia damu isivuje na kurudisha iliyopotea. Dripu hutolewa kwa kipimo; na tafadhali, msimnyweshe kwa kificho anayesubiri upasuaji. Usimletee diklofenaki wala ibuprofeni kutoka duka la dawa, hata akilia kwa maumivu: muulizeni daktari dawa nyingine. Asetilisistini, iliyotumika miaka mingi kama kinga, ilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 5,000 wa vipimo vya mishipa, matokeo yakatoka 2018, na haikusaidia.

Halafu angalieni mkojo. Mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa kutoa walau mililita 30 kwa saa. Mkojo wenye rangi ya kola kwa mtu aliyebanwa na kifusi au gari unaashiria misuli iliyopondwa inamwaga sumu kwenye figo. Madaktari wa London waliieleza hali hiyo mwaka 1941, kwa watu waliofukuliwa kwenye nyumba zilizopigwa mabomu. Hapo saa moja ni nyingi. Mwiteni muuguzi papo hapo, hata usiku wa manane.